Vumbi la Mlango wa Kushoto

Shuleni, Kitale
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Khocha Bramwel, mjomba wangu,

Mulembe kwako, kwa Mama Dancan na kwa kila mtu anayepita kwenye geti lenu. Nimeketi kwenye ngazi za maktaba. Jua limekausha kila kitu mpaka Mlima Elgon hauonekani, kuna alama tu mahali ulipokuwa, kama mtu aliufuta kwa kifutio kibovu.

Mama alikuja siku ya wazazi. Aliniletea chapati saba na sweta. Anasema mdogo wangu Levi ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi hata kanisani. Baba ni mzima, anashinda shambani Saboti. Mama mwenyewe anakohoa kidogo lakini anasema ni vumbi.

Samahani kwa kutokuandika tangu tumzike Kukhu, mama yenu. Nilifungua shule Jumatatu ile ile na ni kama mtu alinichukua usingizini akaniweka kwenye kitanda kingine. Halafu pia barua zetu husomwa na mwalimu wa zamu kabla ya kutumwa. Mwaka huu ni Mwalimu Edinah. (Mwalimu, kama umefika hapa, shikamoo.)

Nilitaka kuuliza kuhusu Dancan. Mama alisema, akikunja leso na bila kuniangalia, kwamba Baba amemwambia asije tena kwa ile kazi ya kuendesha Canter ya viazi. Ati kwa sababu ya mlango wa Pijo, lile gari lake. Mimi nilikuwepo pale mazishini Baba alipouliza mbele ya watu wote, "Nani alifunga matawi kwa waya?" na Dancan akainua mkono kama mwanafunzi. Na Baba akasema, "Mtoto wa fundi wa rangi hajui waya hukwaruza gari?" Nakumbuka uliangalia viatu vyako.

Khocha, mikwaruzo kama ile mitatu hutengenezeka? Nauliza tu.

Usiku huwa naota Pijo likienda peke yake barabarani, hakuna dereva, na yale matawi ya mazishi bado yamefungwa kwenye vioo vya pembeni. Yameota mizizi ndani ya bati. Yana majani mapya. Halinitishi, linapita tu polepole, na mimi nimesimama kando ya mahindi.

Wako mtiifu,
Wamboi


Bungoma
26 Februari 2025

Mwiwa wangu Wamboi,

Barua yako, mtoto wa dada yangu, ilifika nikiwa na rangi mpaka kwenye viwiko, kwa hivyo ilikaa dirishani siku tisa. Usione alama za vidole kwenye hii karatasi ukadhani ni uchafu. Hiyo ni maruni ya gari la mchungaji mmoja.

Hapa tunapumua. Mama Dancan ana kuku aliyeangulia ndani ya tairi kuukuu, sasa nimekatazwa kulisogeza. Nyumbani Kamukuywa kaburi la Kukhu limeanza kushuka udongo upande mmoja, ndivyo yanavyofanya, tutaongeza mvua ikija. Mwambie mama yako anywe maji moto na tangawizi, aache kusema ni vumbi.

Umeuliza Dancan. Dancan yupo. Alikuwa ameshawaambia wenzake pale soko la Kamukuywa kwamba mwaka huu ataendesha Canter ya mjomba wa Kitale, walikuwa wameanza hata kumwita Dere, yaani dereva. Sasa akienda nyumbani hupita nyuma ya maduka. Haniambii kitu. Juzi nilimkuta anafunga fundo la katani kwenye kioo cha gari la watu, anafungua, anafunga tena. Nikamuuliza, wewe unafanya nini? Akasema, "Naangalia tu kama ingeshika."

Sasa, mikwaruzo. Kuna njia moja ya kuijua. Unapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukiteleza, jeraha liko kwenye vanishi tu, hilo ni la kusugua na kung'arisha. Ukucha ukikwama, limefika kwenye rangi au kwenye bati, hilo linataka msasa, fila ya kuziba, praima ya kushika, ndipo rangi. Mlango wa baba yako sikuupitishia ukucha. Siku ile haikuwa siku ya kumkaribia baba yako.

Nimemwambia mama yako hivi: mlango uliumia kwetu, utaponea kwetu. Alete gari.

Wewe ulikuwa karibu na gari wakati tunafukia. Niliona sweta lako jeusi upande wa migomba. Uliona mtu yeyote akicheza na yale matawi?

Khocha wako,
Bramwel

N.B. Niaje Wamboi. Mzee ameniambia nikusalimie so nakusalimia. Soma vitabu bana, hii maisha ya msasa inamaliza vidole. Usijali story ya Canter. Dancan.


Shuleni, Kitale
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa Khocha,

Salamu nyingi kutoka kwa watu elfu moja na mia mbili wanaokula maharagwe. Karatasi yako ilinukia thina ya rangi mpaka Mwalimu Edinah akafungua dirisha la ofisi. Aliniuliza, "Huyu mjomba wako ni fundi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Anaandika vizuri kwa fundi." Nilitabasamu kwa viatu vyangu.

Mvua ilinyesha mara moja, ya dakika kumi, halafu ikajuta. Harufu yake ilikaa siku nzima. Nimewekwa kwenye klabu ya mdahalo lakini kazi yangu ni kushika saa na kupiga kengele. Ni kazi nzuri, unakuwa mbele ya watu wote na hakuna anayetaka uongee.

Mpe Dancan salamu. Mwambie asipite nyuma ya maduka.

Mama ameandika kwamba Kim wa shambani ataleta gari Bungoma, ile siku anapeleka mbegu. Khocha, nilikuwa nafikiri. Si unaweza kutafuta mlango mwingine mzima wa Pijo, kwa wale wanaouza vipuri vya zamani, ukaubadilisha tu? Halafu ule wa zamani ukautupa. Ingekuwa rahisi kwako, kuliko kusugua.

Kuhusu kile ulichouliza, siku hiyo kulikuwa na vumbi sana.

Nimeanza kuamka kabla ya kengele. Kuna muda mfupi ambapo bweni lote linapumua pamoja kama mnyama mmoja mkubwa na mimi nipo ndani yake. Nafikiri Kukhu alipenda muda kama huo. Alikuwa anaamka kabla yetu akae kwenye kigoda jikoni bila kuwasha kitu.

Wako,
Wamboi


Bungoma
30 Machi 2025

Mwiwa wangu,

Kim alifika na Pijo Jumatano, amelipakia mbegu mpaka dari, utadhani ni ghala linalotembea. Mama Dancan alimlazimisha kula mara mbili. Vifaranga wamebaki sita, mwewe si mtu.

Mlango mwingine sitatafuta. Hilo gari lina bluu mbili, ulikuwa unajua? Ukifungua kifuniko cha mafuta utaona bluu iliyozaliwa nalo, nyeusi-nyeusi kama wino. Huku nje ni ile ambayo jua la Saboti limeipiga miaka ishirini na kitu. Ukileta mlango wa gari lingine, hata wa bluu ile ile ya kijitabu cha rangi, utaonekana kama jino la bandia. Kazi yangu si kupiga rangi sahihi. Ni kuchanganya, na kuchanganya tena, mpaka nipate rangi ambayo gari limekuwa.

Niliuosha mlango, nikauweka utazame jua la asubuhi, nikaweka shavu karibu kabisa na bati, hivyo ndivyo tunavyosoma. Mikwaruzo mitatu. Ukucha ulikwama yote mitatu. Lakini nikakaa hapo nikiitazama mpaka chai ikapoa. Waya uliofungwa kwenye kioo, gari likitembea, huchezacheza mahali pamoja, unachimba kijishimo kama kuku anayepekua. Hauchori mstari mrefu mpaka mlango wa nyuma halafu ukajikunja juu mwishoni. Hivyo hufanya mkono. Hivyo hufanya mtu anayefagia.

Na chini ya ile mitatu kuna kitu kingine, chepesi sana. Ukisimama hukioni. Ukucha hauna habari nacho. Jua likilala ndipo kinatokea, halafu likipanda kinaondoka. Sitakiandika hapa, Mwalimu Edinah ana kazi nyingi. (Mulembe, Mwalimu. Asante kwa kusifu mwandiko.)

Nimefunika mlango kwa gunia. Dancan hajakiona, nimemwambia rangi imechelewa.

Likizo ya Aprili njoo.

Khocha


Bungoma
4 Mei 2025

Wamboi,

Tumepata mvua ya kweli. Kaburi tumeliongezea udongo, Mama Dancan amepanda maua yale ya manjano. Sisi wazima.

Likizo imeanza na imekwisha na hukuja. Mama yako alisema mara ya kwanza kichwa kilikuuma. Mara ya pili alisema kichwa tena. Kichwa kina bahati mbaya, hicho.

Baba yako anauliza kupitia kwa mama yako, fundi gani huyu anayekaa na mlango mmoja wiki tano. Nimejibu kupitia kwa mama yako kwamba nasubiri kitu. Mama yako amechoka kuwa daraja, na daraja likichoka watu huanguka mtoni.

Sasa sikia. Dancan amepata mtu wa kumpeleka Lodwar, kwenye kambi ya barabara. Ataondoka mwisho wa Juni. Mama yake hali chakula vizuri. Nilimuuliza kwa nini mbali hivyo. Akasema, "Huko hakuna mtu anajua niliharibu gari siku ya kumzika Kukhu."

Sikukasirikii. Nakwambia tu tarehe.

Bramwel


Shuleni, Kitale
Jumapili, 18 Mei 2025

Khocha wangu,

Nakusalimu wewe na Mama Dancan na maua ya manjano. Hapa tuko wazima. Mahindi ya shule yamefika magotini. Asubuhi kuna ukungu, na wasichana wanaoenda kuoga wanaonekana kama wanatembea bila miguu.

Nimeandika barua hii mara nne. Nilijua Mwalimu Edinah ataisoma, na mwanzoni nilitaka kumwomba mwanafunzi wa kutwa aitoe kwa siri. Halafu nikafikiri, kama siwezi kusomwa na mwalimu mmoja nitawezaje yaliyobaki. Kwa hivyo asome.

Unajua Kukhu alikaa kwetu Saboti tangu Agosti kwa ajili ya kliniki. Alikuwa ananifundisha kusoma Biblia yake ya Lubukusu kwa sababu macho yake yalikuwa yamekuwa na moshi. Nikiwa naye peke yake nilisoma vizuri. Mbele ya watu, ulimi wangu unageuka jiwe. Wewe unajua vile watu husema, ati huyu mtoto wa Muturi, babake si Mbukusu, anasoma Lubukusu kama anayevuka mto kwa kurukaruka mawe. Wanacheka kwa upendo lakini wanacheka.

Tarehe kumi na nane Desemba wamama wa kanisa walikuja kumwombea. Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Nilikuwa stoo, nyuma ya jikoni, kati ya magunia ya viazi. Kukhu aliita, "Wamboi, njoo unisomee Zaburi." Nikanyamaza. Akaita tena. Nilikuwa naona mwanga ukiingia kwenye ufa wa ubao na vumbi likicheza ndani yake, na nikajiambia nikikaa kimya kabisa nitakuwa kama lile vumbi. Akaita mara ya tatu. Halafu nikamsikia akiwaambia wageni, "Amelala. Mwacheni mtoto apumzike."

Jumapili alipelekwa hospitali. Huko hakuita mtu tena.

Siku ya mazishi, jina langu lilikuwa kwenye programu, kwa niaba ya wajukuu. Nilikuwa na karatasi. Yule wa kipaza sauti aliniita, akaniita tena, na miguu ikanipeleka upande mwingine. Nikajikuta nyuma ya Pijo, upande wa migomba. Barabara ya kuja Kamukuywa ilikuwa imelipaka vumbi jekundu, zito kama unga. Mlango ulikuwa mwekundu, laini, hakuna mtu alikuwa ameugusa. Kidole changu kiliandika chenyewe. Niliandika kile ambacho hakikuwa kwenye karatasi.

Halafu nikasikia wimbo wa mwisho, watu wanarudi. Nikafuta kwa mkono wa sweta, kavukavu, kwa nguvu. Nilipoinama maneno yalikuwa bado yapo. Nilidhani vumbi ni kitu kinachofutika, Khocha. Sikujua kwamba vumbi lenyewe lina meno.

Niliogopa Baba atayasoma. Nikakumbuka Kukhu aliniambia matawi ya mazishi hayarudi nyumbani na gari, ni lazima yaachwe hapo hapo. Nikang'oa tawi kwenye kioo, waya ukaja nalo ukining'inia kama mkia. Nikafagia mlango. Mara tatu, kama nafagia uwanja.

Hapa ndipo penyewe. Nilijua waya ulikuwa hapo. Niliuona. Nilitaka alama kubwa ili ifunike alama ndogo.

Dancan alipoinua mkono mimi nilikuwa bado nimeshika tawi. Hakuna aliyeniuliza, kila mtu alidhani natimiza desturi. Nilisubiri mtu aniulize. Kama mtu angeuliza, nafikiri ningesema. Lakini huo pia labda ni uongo.

Sijui utanichukulia vipi sasa. Mwambie Dancan asiende Lodwar. Au usimwambie, sijui. Ni mimi ninayepaswa kumwambia.

Wamboi

Baadaye. Nimempelekea Mwalimu Edinah barua hii. Alisoma mpaka aya ya pili, ile yenye jina lake, akainua macho, akaikunja bila kuendelea, akanirudishia niilambe bahasha mwenyewe. Akasema, "Hii nimeshaisoma." Halafu akaniuliza kama nimekula.


Bungoma
8 Juni 2025

Mwiwa wangu Wamboi,

Mulembe, mulembe sana. Mama Dancan anakusalimu, yeye hajui kitu, ameona tu nimesoma barua nikiwa nimesimama na akauliza kama kuna mtu amekufa. Nikasema hapana, kuna mtu ameamka.

Yale maneno nilikuwa nimeyasoma tangu Machi. Nilijua ni yako, ni mjukuu mmoja tu anayejua kuandika aliyekuwa akiishi naye mahali pa kuitwa. Lakini sikujua yana nini ndani. Nilisubiri uyafungue mwenyewe, na kusubiri huko ndiko baba yako anakuita uvivu.

Huwa natamani kukuambia Kukhu hakujua. Siwezi. Yule mama hakuweza kuona sindano mkononi mwake, lakini alisikia kuku akitembea nyuma ya nyumba na akakwambia ni kuku yupi. Wewe na magunia yako ya viazi, hatua kumi kutoka kwake. Tena nikikumbuka, katika maisha yake yote sijawahi kumsikia akidanganya mbele ya wamama wa kanisa. Kama kweli alisema umelala, basi alifanya hivyo mara moja. Hilo ubaki nalo, ulitafakari unavyotaka.

Sasa kazi. Nimezima kompresa ya kupulizia rangi ili nikuandikie vizuri. Rangi haifichi kitu. Watu hudhani inaficha. Rangi hufuata kile ilichokuta, ikikuta shimo inapiga shimo, ikikuta neno inapiga neno, na inakauka hivyo. Yale maneno lazima yasuguliwe kwanza, kwa maji na msasa laini kabisa, wa namba elfu mbili. Nimetengeneza ile mikwaruzo mitatu ya juu. Fila imekauka, nimeisawazisha, huwezi kuijua hata ukiipapasa. Ya chini sijaigusa. Mimi sitaisugua. Si maandishi yangu.

Mapumziko ya katikati ya muhula ni mwisho wa mwezi. Dancan anasafiri Jumatatu ya tarehe thelathini. Njoo Jumamosi, ya ishirini na nane, asubuhi, kabla jua halijapanda. Njoo na baba yako.

Nitakuwa na ndoo tayari.

Khocha


Saboti
Jumapili, 29 Juni 2025

Khocha wangu mpendwa,

Natumai umelala vizuri na Mama Dancan hajachoka na ule ugali wetu wa jana. Tulifika salama. Narudi shule leo jioni lakini nimeomba saa moja niandike, kwa sababu kuna mambo hukuyaona, ulikuwa umeshika bomba la maji na umegeukia ukutani. Najua uligeukia ukutani kwa makusudi.

Nilimwambia Baba tukiwa bado Saboti, Ijumaa, anapakia Canter. Nilimwambia akiwa amenipa mgongo. Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga. Halafu akasema, "Kesho twende." Njiani Mama alikaa kati yetu mpaka Bungoma.

Ulipoondoa gunia nilishika ndoo kwa mikono miwili. Jua lilikuwa chini kabisa, linaingia pale kwenye geti lako la mabati, na mlango ulikuwa kimya. Halafu ukasema, "Inama," nikainama, na yakatokea. Herufi zangu mbaya, zinapanda upande mmoja. Nilikuwa nimefikiri nitazisugua haraka zipotee. Lakini ulisema, bila kuniangalia, "Soma kwanza. Huwezi kusugua usichokisoma, mkono utakosa njia."

Khocha, sikujua kwamba sauti yangu ni ndogo hivyo nje, mbele ya watu. Nilisema, "Kukhu." Nikasugua. Maji yalitoka na bluu kidogo, kama maziwa yaliyotiwa wino. Nikasema, "Nilikusikia." Nikasugua. Mama alikuwa ameanza kulia lakini kwa heshima, kwenye leso. Nikasema, "Ukiniita." Hilo la mwisho lilichukua muda mrefu kuliko yote, sijui kwa nini. Uliponiambia basi, inatosha, nilikuwa bado nasugua.

Hapo ndipo nikamgeukia Dancan nikamweleza tawi na waya. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani, yakatoka yote kwa pamoja. Aliniangalia kama mtu anayejumlisha hesabu. Akasema, "Kwa hivyo si mimi?" Nikasema si wewe. Akasema tena, "Hata kidogo?" Akaketi kwenye lile tairi la kuku. Miezi sita, Khocha. Alicheka, halafu hakucheka, halafu akasema, "Wamboi, wewe ni mtu mbaya sana," na nilijua hajamaliza kunikasirikia, na kwamba atamaliza.

Wewe ulirudi na bomba lako. Baba alikuwa amevua kofia. Alisema, "Dancan, nilikuaibisha mbele za watu bila kosa." Dancan akasema, "Lakini hata mimi nilifunga na waya, mzee. Kamba ilikuwa imeisha." Baba akasema, "Waya ni waya. Mimi nilikosea." Na wewe ukasema, "Muturi, kunywa chai, hujawahi kuongea maneno mengi hivyo, utapata homa." Ni mara ya kwanza nasikia Baba akicheka tangu Januari. Kicheko kilikuwa kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

Sasa yale usiyoyajua. Tulipotoka kwako, Baba alimpa Dancan ufunguo wa Canter. Akasema, "Tuone kama gia unazijua." Mama mbele, mimi katikati, Baba akakaa nyuma na magunia matupu, akakataa kabisa kubadilishana. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mahindi. Dancan aliendesha kama amebeba mayai.

Tulipofika Kamukuywa aliongeza mwendo kidogo ili apite. Baba akagonga bati la nyuma. Akagonga tena. Dancan akasimamisha, pale pale mbele ya maduka, mbele ya wale vijana. Baba akashuka polepole na kofia yake, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Wengi wao walikuwa mazishini. Akawaambia, "Mnakumbuka nilisema huyu kijana aliharibu gari langu. Hakuliharibu. Nilisema vibaya." Halafu akasimama hapo, na hakuondoka. Mmoja akapaza sauti, "Sasa Dere, si utununulie soda?" Dancan aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Hakumtaja aliyeharibu. Nilisubiri aseme ni mimi. Tulipopanda tena nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hilo umeshalisema wewe. La kwangu ni lile nimewaambia."

Dancan amesema Lodwar haendi; ameamka mapema leo, ameosha Canter kwa ndoo mbili. Levi alitaka kumsaidia kwa kitambaa kikavu, na watu watatu tulimpigia kelele kwa pamoja.

Umesema Pijo litakuwa tayari Jumanne na nisitarajie bluu ya wino. Sitarajii. Nikifunga macho naliona likija peke yake barabarani, kama kwenye ile ndoto, lakini sasa matawi hayapo na kioo cha upande wa dereva kimeteremshwa. Sijaona nani yuko ndani. Kuna mkono tu dirishani, umetulia, unahisi upepo.

Nilikuwa nataka pia kukuuliza kama msasa wa elfu mbili hu...

Samahani. Wamama wa kanisa wamekuja kuniombea safari, wamejaa sebuleni, nasikia vikombe. Mama ananiita nije na ile Biblia ya Kukhu.

Ameita mara moja. Nimemsikia, naenda.

Wamboi